Kisanduku kitupu kwenye kadi ya kliniki

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Nje jua limeshaanza kuwaka, lakini ndani ya chumba hiki ni giza tupu. Madirisha yamezibwa kwa turubai jeusi. Mwanga pekee unatoka chini, kwenye meza yenye taa, na juu ya meza hiyo imewekwa trei ya mayai themanini na nane.

Mwanamke aliyesimama mbele yake amevaa koti jeupe la kazi, kofia ya nailoni na buti za mpira. Ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza kitu. Hasikilizi. Anatafuta pembe ya kuonea, maana jicho lake la kushoto halioni.

Vidole vyake havisiti. Yai linalopitisha mwanga wote halikuwa na mbegu; analitoa. Lenye duara jeusi ndani, kifaranga kilianza kisha kikafa, analitoa pia. Lenye mishipa myembamba na kivuli kinachotikisika, analiacha mahali pake.

"Hili linacheza," anasema. "Hili nalo linacheza. Hili limekwenda."

Ni siku ya kumi na nane tangu mayai haya yaingie kwenye mashine ya kutotolesha. Baada ya siku tatu yatapasuka, na vifaranga vitapangwa kwenye maboksi yenye matundu, tayari kwa wafugaji. Yanayokufa yasipoondolewa mapema huoza na kuharibu mengine, kwa hiyo kiwanda kizima kinategemea macho ya watu wanne wa chumba hiki cha giza.

Ana umri wa miaka thelathini na mmoja, na kazi hii ameifanya kwa miaka sita. Wenzake wanamwita Jicho.

"Zamani waliniita Jicho kwa sifa," anasema, na kicheko kinamponyoka. "Sasa wananiita kwa hesabu."

Kilichomlia jicho hilo, na kuponea chupuchupu kummaliza figo, ni ugonjwa ambao wengi huutaja kwa kunong'ona: kaswende.

Aliolewa miaka mitatu iliyopita na fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume mcheshi ambaye hata majirani walimpenda. Walikaa kwenye uwanja mmoja na mama mkwe. Mwaka haukuisha, akashika mimba.

Alianza kliniki mapema, kama alivyoelekezwa. Siku ya kwanza alipimwa uzito, presha na wingi wa damu. Kwenye kadi yake kulikuwa na kisanduku cha kipimo cha kaswende. Muuguzi akamwambia vipimo vimekwisha, vinategemewa wiki ijayo.

"Nilirudi wiki iliyofuata, vilikuwa havijaja. Mara ya tatu nikamkuta muuguzi mwingine, naye hakuuliza. Mimi nami sikuuliza. Ningeuliza nini? Nilijua ugonjwa ule ni wa watu wengine."

Mimba ilipofika miezi sita, viganja vyake na nyayo zake vilitoka madoa mekundu yasiyowasha. Kiwandani wanatumia dawa kali ya kuua vijidudu, na kila aliyemwona alisema ni dawa hiyo. Duka la dawa walimpa mafuta ya fangasi. Baada ya wiki kadhaa madoa yakatoweka yenyewe, naye akayasifu mafuta.

Katika mwezi wa nane mtoto akaacha kucheza. Alizaliwa bila pumzi.

Watu humuuliza kama haimtesi kushinda na mayai yenye vifaranga vilivyokufa. Swali hilo halipendi. "Haya ni mayai, mwandishi," anajibu. "Mwanangu hakuwa yai."

Kilichofuata anakisimulia kwa sauti ya chini, akiwa ameketi kwenye kreti tupu nje ya chumba cha kazi, glavu zake zimekunjwa mapajani.

Mama mkwe aliacha kula chakula alichopika yeye. Kila mgeni aliyekuja kutoa pole alisimuliwa, naye akisikia, kwamba tumbo la mwanamke huyu halitunzi kitu. Mume alianza kuchelewa kurudi, kisha akaanza kunyamaza. Miezi mitatu baada ya msiba, mama mkwe alifunga nguo zake kwenye shuka na kuziweka mlangoni.

"Nilimtazama mume wangu, nikingoja aseme neno. Alikuwa anasugua kutu kwenye kipande cha chuma. Akaendelea kusugua."

Alirudi kwa mama yake mzazi. Hazikupita wiki sita, akasikia fundi ameoa binti mwingine.

Mwezi uleule alianza kuvimba. Asubuhi aliamka na uso uliofura, kope zimekaza hadi macho yanafunguka kama nyufa. Jioni uvimbe ulishuka miguuni. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mkojo wake ulitoa povu kama la sabuni. Kutoka kilo hamsini na nne akafika sabini na mbili, huku hamu ya chakula hana.

Tumbo nalo likajaa maji. Hapo ndipo pongezi zilipoanza.

"Mwanamke mmoja wa chumba cha kufungasha alinikumbatia, akasema, 'Umeona? Mungu amekufuta machozi.' Nikasema ahsante."

Mwenzake wa meza ya jirani, ambaye kwa sauti yake kubwa wanamwita Kipaza, anaikumbuka siku hiyo. "Nilimvuta pembeni nikamwambia, wewe, hii si mimba. Mimi nimezaa wanne. Mimba haivimbishi kope. Nenda hospitali, shoga yangu, usitufie hapa."

Alikwenda. Zahanati ya kwanza walimpa vidonge vya kukojoza maji. Ya pili walisema ni presha. Jirani mmoja akamwambia mama yake kwamba binti amerogwa na ndugu wa mume, wakapoteza wiki tatu kwa mganga aliyemkataza chumvi. "Hapo kwenye chumvi alipatia," anasema Jicho, "ila kwa bahati."

Kisha jicho la kushoto likawa jekundu. Mwanga ulimchoma kama sindano, na kazi yake ni mwanga. Akawa anafanya kazi amelifumba, machozi yanachirizika mpaka kwenye kola ya koti. Alinunua dawa ya matone, chupa tatu, moja baada ya nyingine. Ukungu ukazidi kuwa mzito. Asubuhi moja akiwa mezani aliziba jicho la kulia kwa kiganja, trei nzima ikapotea.

Msimamizi wake ndiye aliyempeleka hospitali kubwa, kwa gari la kusambazia vifaranga.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye haraka, lakini aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza. Alimwambia afungue viganja, akavitazama, kisha akasema, "Umewahi kutoka madoa hapa? Na chini ya nyayo?"

"Nilishtuka," anasimulia. "Nimekuja na miguu na jicho, yeye anauliza habari za viganja. Nikamwambia ndiyo, nikiwa mjamzito. Akaacha kuandika. Akauliza, 'Mtoto yuko wapi?'"

Majibu ya damu yalitoka siku iliyofuata. Alipoambiwa jina la ugonjwa, alikasirika.

"Nilimwambia, dokta, umechanganya chupa. Mimi sijawahi kumjua mwanamume mwingine. Rudia. Akarudia, wala hakunikasirikia. Ikatoka ileile."

Daktari huyo, aliyekubali kuzungumza kwa ridhaa ya mgonjwa wake, anasema watu wengi huidhani kaswende kuwa ugonjwa wa sehemu za siri pekee. "Kidonda cha mwanzo hakiumi, na kinapona chenyewe. Mtu anasema, imekwisha. Kumbe imeingia kwenye damu, na damu inafika kila mahali. Mwili unapopigana nayo, mabaki ya vita hiyo hunasa kwenye vichujio vya figo. Vichujio vikiharibika, protini inamwagika kwenye mkojo, na maji yanabaki mwilini. Ndiyo ule uvimbe."

Kwa mgonjwa huyu, anasema, ini pia lilikuwa limeguswa, na jicho lilikuwa limevimba kwa ndani. Kaswende ikiachwa miaka, huweza kufika kwenye mshipa mkubwa wa moyo na kwenye ubongo. "Kinachouma ni kwamba dawa yake ni ya zamani na inajulikana. Ni penisilini. Tatizo ni kuchelewa kuitafuta."

Alilazwa siku kumi na nne, dawa ikipita kwenye mshipa kila baada ya saa nne. Walimchoma sindano mgongoni kuchukua maji ya uti wa mgongo. Siku ya tano alianza kukojoa sana. Kufikia wiki ya tatu alikuwa amepungua kilo kumi na tatu, na vifundo vya miguu, ambavyo hakuwa ameviona kwa miezi mitano, vikajitokeza.

Jicho halikurudi. "Daktari wa macho aliniambia, la kulia tumelikamata njiani, la kushoto tumefika limeshakwenda."

Akiwa bado wodini, muuguzi wa ushauri alikuja na karatasi mbili ndogo za rangi ya njano. Moja ni ya kumwita mume aje kupimwa. Nyingine ni ya mke aliye naye sasa.

"Nikamwambia, Sista, zichane. Waache waoze."

Muuguzi hakuzichana. Aliziweka chini ya chupa ya maji, akaondoka.

Jioni mama yake alipokuja na chakula, katika kuzungumza hili na lile, akasema amepishana na yule binti sokoni, na tumbo limeanza kuonekana.

Jicho aliweka kijiko chini. Akahesabu miezi kwa vidole mbele ya mama yake, mara mbili. Kama mimba ilikuwa na miezi minne au mitano, bado kulikuwa na muda.

"Mama alinipinga sana. Alisema, 'Walikutupa kama taka, leo unarudi kuwafagilia uwanja?' Nikamwambia, mama, sirudi kwao. Namwendea aliye tumboni. Yule hajanikosea."

Siku aliyoruhusiwa hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja na karatasi zake mbili, jicho limefungwa bandeji, miguu ikiwa kwenye ndala za wodini kwa sababu viatu bado vilikuwa havimwenei.

Alipiga hodi. Mama mkwe alikuwa kibarazani anakunja nguo. "Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitikia. Akauliza, 'Umekuja kuchukua nini?' Nikasema sikuja kuchukua, nimekuja kuleta."

Mume alitoka kwenye banda la kazi, mikono imejaa masizi. Alizisoma karatasi, akazikunja, akasema kwa sauti ya chini kwamba huu ni wivu, na wivu una namna nyingi za kuvaa nguo. Jicho akamwambia kwamba yeye fundi alikuwa na ugonjwa, yamkini anao bado, na mke wake ni mjamzito, aende naye wapimwe leo.

"Akapandisha sauti. Akasema, 'Ugonjwa gani? Mimi nilishachoma sindano zangu zamani!'"

Mama mkwe aliacha kukunja nguo.

"Ulimi ulikuwa umemteleza, na alijua. Nikamuuliza, ulichoma lini? Nikamuuliza, mimi nikiwa na mimba? Akainama."

Pazia la mlango likasogea. Yule binti alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. Akauliza swali moja tu: "Sindano za nini?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu. Alimshika Jicho mkono, akamtoa nje na kufunga lango.

Baadaye muuguzi alimfafanulia kilichotokea. Fundi alipata ugonjwa nje, akaona kidonda, akaenda kutibiwa kimyakimya katika kliniki ya mtu binafsi. Huko, kwa kawaida, mgonjwa huambiwa amlete mwenzake. Hakumleta. Alikuwa ameshamwambukiza, na yeye alipopona akarudi kwenye kitanda kilekile, akaambukizwa upya na mke ambaye hajui anaumwa. "Sista alisema, alijitibu bure. Nikamwambia hapana, hakujitibu bure. Alilipa kwa mtoto."

Zilipita wiki mbili. Hakuna aliyefika hospitali na karatasi ya njano.

Kliniki ya wajawazito ni Jumanne. Jicho aliomba kubadilishiwa zamu, na kila Jumanne akaenda kukaa kwenye benchi la nje, karibu na mzani. Jumanne ya kwanza binti hakuja. Ya pili hakuja. Wanawake wengine walianza kumuuliza ana mimba ya miezi mingapi.

Jumanne ya tatu akamwona anaingia na mwavuli, peke yake.

"Aliponiona alitaka kugeuka. Kisha akaja akasimama mbele yangu, akasema, 'Dada, ni wewe unayetaka kunivunjia nyumba?' Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na kadi yangu ya kliniki, ile ya zamani. Nikamfungulia. Nikamwonyesha kisanduku cha kaswende, hakina kitu. Nikashusha kidole mpaka chini, palipoandikwa mtoto alizaliwa mfu. Nikamwambia, fungua yako."

Binti aliifungua kadi yake. Kisanduku kilikuwa kitupu.

Walikaa kwenye benchi lile pamoja mpaka saa sita. Ndani waliambiwa vipimo ni vichache, warudi wiki ijayo. Jicho, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kugombana na mtu hata sokoni, alisimama mlangoni na kusema hatoki. "Niliwaambia, na mimi niliambiwa wiki ijayo. Nitazameni." Muuguzi mmoja alimtazama bandeji, akaingia stoo, akarudi na kipimo.

Kilitoka chanya. Sindano ya kwanza binti alichomwa siku ileile, huku ameng'ang'ania mkono wa mke aliyemtangulia.

Mtoto alizaliwa miezi minne baadaye, mwenye uzito mzuri, analia. Naye alipimwa, akawekwa chini ya uangalizi. Mpaka sasa ni mzima.

Mengine hayajakaa sawa. Fundi alikwenda kutibiwa, lakini hakuwahi kumwomba msamaha. Alipofuatwa kwenye banda lake kwa ajili ya simulizi hii, alisema, "Nina kazi," akashusha kinyago chake cha kuchomelea. Mama mkwe bado anawaambia watu kwamba Jicho ni mchawi aliyeshindwa. Binti bado yuko kwenye nyumba ile. Anasema hana pa kwenda na mtoto mchanga.

Kiwandani, msimamizi alitaka kumhamishia Jicho kwenye kuosha trei. Kipaza alikataa katakata. "Nilisema mpimeni kwanza. Akapewa trei tatu, msimamizi akapitia nyuma yake. Alikosea yai moja. Moja! Mimi mwenye macho mawili siku hiyo nilikosea manne."

Akabaki. Zamani alimaliza trei arobaini kabla ya chai. Sasa ishirini na nane. Ifikapo saa saba kichwa humgonga, na hulazimika kutoka nje, kuegemea ukuta na kufumba jicho mpaka maumivu yatulie.

Figo zake zimerudi, ila si kikamilifu. Kila baada ya miezi mitatu hupeleka mkojo kupimwa, na bado kuna protini kidogo. Daktari hajamwahidi kitu kuhusu mimba nyingine. Hanywi dawa yoyote ya maumivu bila kuuliza, na kila asubuhi, kabla ya kunawa, hutazama kwanza kope zake.

Kuna jambo moja ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu, ila kwa yule binti, siku ile kwenye benchi. Siku ile ya kujifungua alipoteza damu nyingi, akazimia. Alipozinduka, mtoto alikuwa ameshachukuliwa na kuzikwa. Mama mkwe alimwambia asiulize chochote, kwamba kuuliza hufunga kizazi. Hakuuliza. Hakujua alizikwa wapi, wala kama alikuwa wa kike au wa kiume.

Mwezi uliopita binti alikuja mpaka lango la kiwanda, mtoto mgongoni, akamwita. Alikuwa amembana mumewe mpaka akasema yote, hata kama mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Mtoto amezikwa kwenye makaburi ya manispaa, safu ya mwisho karibu na ukuta. Fundi mwenyewe ndiye aliyembeba, na aliweka hapo kibao cha chuma alichokichomelea, kisicho na maandishi.

Jicho ameomba ruhusa Jumatatu ijayo. Ameshanunua kopo dogo la rangi nyeupe na brashi nyembamba. Kipaza anataka kumsindikiza, bado hajamkubalia.

"Nilikuwa nimetunza majina mawili," anasema, akivaa tena glavu zake. "La kiume na la kike. Muda wote huu sikujua niombolee lipi. Sasa najua."

Analitaja kwa sauti ya chini, mara moja, akiomba lisiandikwe hapa. Anataka lianze kuandikwa pale.